Matone, maji au sindano: chanjo ipi ya kideri inafaa banda lako?

Ukiingia duka la dawa za mifugo Makambako, Mafinga au Mwanjelwa ukaomba chanjo ya kideri, muuzaji anayeijua kazi yake hakukabidhi kichupa hapo hapo. Anauliza kwanza: "Mama, ya matone, ya maji, au ya sindano?" Wengi wetu hujibu, "Nipe ile nzuri." Lakini zote tatu ni nzuri, na kila moja imewahi kulaumiwa kwa vifo ambavyo haikuvisababisha. Zinatofautiana katika namna zinavyokutana na kirusi mwilini mwa kuku, na katika yale zinayokudai wewe mfugaji: baridi, mikono, muda na fedha.

Haya nimeyaandika kwa anayefuga huku Nyanda za Juu Kusini, awe na matetea saba wanaojitafutia uani Ludewa au kuku wa mayai mia tano nyuma ya nyumba Uyole.

Kirusi chenyewe, kwa kiasi cha kukusaidia kuchagua

Kideri, au mdondo kama wengi tunavyouita, ulielezwa kitaalamu mwaka 1926, karibu wakati mmoja kisiwani Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Ndiyo maana juu ya vichupa unasoma "Newcastle". Unaletwa na kirusi chenye uzi mmoja wa RNA, yaani maelekezo yake ya urithi, wenye herufi elfu 15 na kidogo, na jeni sita tu. Kwa jeni sita hakuna maisha ya kujitegemea. Kirusi hakili, hakipumui, wala hakina vifaa vya kutengeneza protini zake. Kikiwa kwenye kinyesi au kwenye tenga la kubebea kuku hakifanyi lolote. Kikishaingia ndani ya seli ya kuku, kinaitumikisha seli hiyo ikitengenezee nakala zake kwa maelfu.

Kwa sababu hiyo oksitetrasaikilini haitibu kideri, hata kama nusu ya kijiji wanainunua kila kiangazi. Antibiotiki hushambulia vitu ambavyo bakteria anavyo na kirusi hakina, kama ukuta wa seli na vifaa vya kujengea protini. Kuku aliyepona baada ya kunyweshwa dawa hiyo amepona mwenyewe, au hakuwa na kideri, au dawa imempunguzia bakteria waliokuja kudandia udhaifu wake. Maji ya pilipili kichaa na shubiri mwitu nayo sioni sababu ya kuyategemea.

Kuna mambo matatu ya kirusi hiki ambayo mchaguzi wa chanjo anapaswa kuyajua.

La kwanza, kimefunikwa na utando wa mafuta ambao kimeuchukua kutoka kwenye seli ya kuku kilipokuwa kinatoka. Utando huo ndio udhaifu wake, kwa kuwa sabuni inauyeyusha. Joto nalo linakiharibu kirusi, pamoja na jua. Sasa kumbuka kwamba chanjo hai nayo ni kirusi cha jamii hiyo hiyo. Kinachomuua adui kinaiua na chanjo yako.

La pili ndilo linalotenganisha kideri kinachofyeka banda zima na kirusi cha chanjo kisichodhuru. Juu ya utando kuna protini mbili kubwa. Moja hushika sukari zilizo juu ya seli ya kuku. Ya pili huunganisha utando wa kirusi na utando wa seli ili uzi wa RNA uingie ndani. Hii ya pili huzaliwa haifanyi kazi, kama panga lililo ndani ya ala iliyoshonwa: lazima kimeng'enya cha kuku kiikate ala kwanza. Katika virusi vya upole, vimeng'enya vinavyoweza kukata hapo vinapatikana kwenye njia ya hewa na utumbo tu, kwa hiyo maambukizi hukomea huko. Katika virusi vikali, mahali pa kukatia pameundwa kwa namna ambayo vimeng'enya vya karibu kila kiungo vinaweza kukata hapo. Ndipo kirusi huingia wengu, figo na ubongo. Kuku unayemwona amepinda shingo, anazunguka papo hapo au amekokota bawa, kirusi kimeshafika kwenye mishipa ya fahamu.

La tatu ni habari njema. Virusi vya kideri vina koo nyingi, lakini kwa macho ya kinga ya kuku vyote vinafanana vya kutosha. Aliyechanjwa kwa mbegu moja ana ulinzi dhidi ya nyingine. Mafua ya ndege hayana huruma hiyo. Ndiyo maana mbegu za chanjo zilizopatikana Marekani miaka ya 1940 bado zinafanya kazi Mbeya leo.

Nimezipima kwa nini

Kila chanjo nimeiangalia kwa mambo matano: kilichomo kichupani na kinachofanya mwilini, uvumilivu wake wa joto, kutoka dukani hadi bandani, kazi ya mikono inayodai, kinga inayoleta, inakaa wapi na kwa muda gani, na madhara yake kwa kuku na kwa mchanjaji. Bei nitaigusa kwa kupita, kwa sababu inabadilika na kwa sababu kinachogharimu zaidi mara nyingi si kichupa.

Kwenye joto nitakaa kidogo. Mtu wa nje akisikia Nyanda za Juu anawaza baridi tu. Ni kweli Makete na uwanda wa Kitulo usiku wa Juni na Julai kunaanguka hadi sakitu, na Njombe mjini asubuhi unavaa koti zito. Lakini mkoa jirani wa Iringa una Pawaga na Idodi, na mkoa wa Mbeya una Mbarali na Kyela, ambako kichupa kilichowekwa kwenye mkoba juu ya basi kinachemka kabla ya kushuka stendi. Halafu baridi haina upande: inatunza chanjo, na inatunza pia kirusi kikali kwenye kinyesi na mizoga iliyo kivulini. Anayesema "huku kwetu baridi, mdondo haufiki" anajidanganya. Mdondo unafika na matenga ya kuku yanayokusanywa vijijini kwa pikipiki na kupakiwa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma.

Ya matone: I-2

*Kilichomo.* Ni kirusi hai cha upole kabisa, kilichotafitiwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mahsusi kwa ajili ya kuku wa vijijini katika nchi zenye joto. Watafiti walichagua mbegu isiyodhuru, kisha wakaendelea kuchuja zile zilizostahimili joto. Hapa Tanzania inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na wengi wanaijua kwa jina la TEMEVAC. Ukidondosha jichoni, tone halikai jichoni tu. Nyuma ya kope la tatu la kuku kuna tezi yenye seli nyingi za kinga, na kutoka jichoni kuna mfereji unaoshuka puani hadi kooni. Kirusi cha chanjo kinazaliana pale pale ambapo kirusi kikali kingeanzia kazi.

*Joto.* Hapa ndipo sifa yake. Ikiwa ni kavu ndani ya kichupa na imewekwa gizani, inaweza kukaa wiki kadhaa katika joto la kawaida la nyumba bila kupoteza nguvu. Vipimo vya huko ilikotoka vilionyesha wiki nane katika nyuzi 28. Hii haimaanishi uiache kwenye bati la paa. Friji ukiwa nayo itumie. Bila friji, kitambaa kibichi, kivuli na chungu cha maji vinatosha kuifikisha Pawaga. Ikishachanganywa na maji, habari inabadilika: itumie siku hiyo hiyo.

*Mikono.* Hapa ndipo adhabu yake. Lazima umkamate kila kuku, tone moja, jicho moja, umshike mpaka apepese na tone liingie. Kipimo ni kile kile kwa kifaranga na kwa jogoo, na hilo linarahisisha hesabu. Tatizo ni kuwakamata. Kuku wanaolala bandani unawapata jioni au alfajiri kabla ya kufungua mlango. Kuku wanaolala juu ya mparachichi, kama wa Rungwe walio wengi, watakusumbua, na yule mmoja uliyemwacha ndiye atakayeleta mdondo nyumbani. Uliza pia matone mangapi yanatoka kwenye mililita moja kwa kitoneshi unachouziwa. Vitoneshi vyenye tundu kubwa humaliza chanjo kabla kuku hawajaisha.

*Kinga.* Huanza kujengeka ndani ya wiki moja hadi mbili, kwenye njia ya hewa na kwenye damu pia. Rudia kila baada ya miezi minne, au mitatu ukiwa eneo lenye milipuko ya mara kwa mara. Kirusi cha chanjo kinaweza kuhama kidogo kutoka kuku aliyechanjwa kwenda kwa wenzake wanaolala naye, lakini usiweke hesabu zako hapo.

*Madhara.* Karibu hakuna. Kifaranga wa siku moja anaipokea. Mchanjaji akijipangusa jicho kwa mkono wenye chanjo anaweza kupata wekundu wa macho wa siku chache, kama ilivyo kwa chanjo yoyote hai ya kideri. Osha mikono kwa sabuni, umeshajua sabuni inafanya nini.

*Inamfaa* mwenye kuku wachache hadi makumi kadhaa, kijiji kisicho na umeme wa uhakika, mwenye kuku wa rika mchanganyiko wanaototoa kila mwezi, na vikundi vinavyochanja nyumba kwa nyumba.

Ya maji: La Sota na ndugu yake B1

*Kilichomo.* Nacho ni kirusi hai, cha upole kiasi. Kuna B1, mpole zaidi, anayependekezwa kwa vifaranga kama chanjo ya kwanza, na La Sota, mwenye nguvu kidogo zaidi, anayefuata baadaye. Vyote vinaweza kudondoshwa jichoni pia, na vikidondoshwa vinafanya vizuri. Ila dukani vinaitwa "vya maji" kwa sababu wafugaji wa mabanda makubwa huvinywesha. Kirusi kinapita mdomoni na kooni, sehemu yake hushika kwenye njia ya hewa, sehemu hufa njiani.

*Joto.* Inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kukatika, tangu kiwandani hadi unapofungua kichupa. Katika joto la mchana inapoteza nguvu haraka, na ikiharibika haibadiliki rangi wala harufu. Huna namna ya kuijua kwa macho. Kabla ya kulipa, tazama friji ya duka: je, inafanya kazi, na je, umeme ulikatika jana? Muuzaji anayekasirishwa na swali hilo mwache na kichupa chake. Chukua chombo chenye barafu. Kwa anayetoka Iringa mjini kwenda Kilolo asubuhi ya Julai, kazi hii ni nyepesi. Kwa anayeshuka Kyela Novemba, barafu isiyeyuke kabla yako.

*Mikono.* Kuku mia tano unaweza kuwanywesha peke yako kabla ya chai. Ila unyweshaji una masharti, na wengi huyaruka. Maji ya bomba yenye klorini huua kirusi cha chanjo, kwa hiyo tumia maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi, au changanya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, takriban gramu 2.5 kwa lita, yakae kidogo kabla ya kutia chanjo. Vyombo visiwe na masalia ya dawa ya kuulia vijidudu wala sabuni. Kuku wanyimwe maji kwanza ili wawe na kiu, na chanjo yote inywewe ndani ya saa mbili hivi.

Kwenye kiu ndipo tunapoumia huku juu. Maelekezo mengi yanasema wanyime maji saa moja au mbili, na yameandikwa kwa mabanda ya joto. Kuku wa Njombe saa kumi na mbili asubuhi ya Juni hana kiu hata ukimnyima saa mbili. Ataonja, ataondoka, chanjo itafia kwenye chombo. Afadhali uondoe maji usiku ukifunga banda, uwape chakula kidogo asubuhi, ndipo ulete chanjo jua likishachomoza. Vyombo viwe vingi, ili walio wanyonge nao wafike. Na kama kuku wanatoka nje wakati wa masika, sahau njia hii, maana kila dimbwi uani ni baa ya bure.

*Kinga.* Ikinywewa sawasawa ni nzuri, nayo huanza ndani ya wiki moja hadi mbili. Shida ni kutolingana: aliyekunywa sana ana kinga ya kutosha, aliyeonja hana. Ratiba iliyozoeleka ni siku ya 7, kurudia siku ya 21, kisha kila miezi mitatu, huku chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, ikipita katikati. Vifaranga wa mama aliyechanjwa huzaliwa na kingamwili za mama, na hizo zinaweza kuifyonza chanjo ya mapema mno. Hiyo ni sababu mojawapo ya kurudia.

*Madhara.* Siku chache za kupiga chafya na kukoroma, hasa kwa La Sota kwa vifaranga wadogo. Kama banda lilikuwa tayari na mafua sugu ya kuku, hali inaweza kuwa nzito. Kuku wa mayai wanaweza kushusha utagaji kwa muda.

*Inamfaa* mwenye kuku wengi wa rika moja waliofungiwa, friji ya uhakika karibu, na nidhamu ya kufuata saa.

Ya sindano: chanjo iliyouawa

*Kilichomo.* Kirusi kizima kilichouawa kwa kemikali, kikachanganywa na mafuta. Hakizaliani. Mafuta yanakishikilia chini ya ngozi ya shingo au kwenye msuli wa kidari na kukiachia polepole, mwili ukiendelea kujifunza kwa wiki nyingi.

*Joto.* Friji, nyuzi 2 hadi 8, na kamwe isigande. Ikiganda mchanganyiko unatengana na kichupa ni cha kutupa. Anayeipanga karibu na kisanduku cha barafu cha friji ndogo ya nyumbani ameshaipoteza.

*Mikono.* Kuku mmoja mmoja, na sindano inayotaka mtu aliyefundishwa. Kichupa kitolewe baridini mapema kiasi ili mafuta yasiwe mazito.

*Kinga.* Kingamwili nyingi kwenye damu, zinazodumu. Kuku wa mayai aliyeandaliwa kwa chanjo hai utotoni, akachomwa hii kabla ya kuanza kutaga, kwa kawaida wiki ya 16 hadi 18, anaweza kupita msimu mrefu wa utagaji bila kusumbuliwa. Lakini kwenye utando wa pua na koo, mlangoni anapoingilia adui, inafanya kidogo sana. Inachelewa pia, wiki mbili hadi tatu. Ikitumika peke yake kwa kuku ambaye hajawahi kupata chanjo hai, imetumika nusu.

*Madhara.* Haileti chafya wala kushusha mayai kama La Sota, ingawa usumbufu wa kukamatwa upo, na penye sindano panaweza kuvimba. Soma lebo kuhusu siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Hatari kubwa ni kwa mchanjaji: akijichoma kidole kwa chanjo ya mafuta, asiseme "ni tundu dogo". Aende hospitali siku hiyo hiyo na kichupa mkononi, kwa maana mafuta hayo yanaweza kuharibu kidole.

*Inamfaa* mwenye kuku wa mayai au kuku wazazi watakaokaa muda mrefu, na aliye na mtaalamu wa mifugo wa kumwita.

Bei

Kwa dozi moja, chanjo hai mbili ni rahisi na ya sindano ni ghali. Lakini vichupa vya chanjo hai vina dozi nyingi, na huwezi kufungua cha dozi mamia kwa kuku kumi na wawili ukahifadhi kilichobaki hadi mwezi ujao. Kwa mwenye kuku wachache dawa ni majirani: nyumba ishirini, kichupa kimoja, jioni moja. Hilo lina faida ya kibiolojia pia, maana kirusi kinachokosa kuku wa kuingia kitongoji kizima hakina pa kuzaliana.

Ambalo hakuna hata moja inaloliweza

Hakuna inayozuia kipindupindu cha kuku, homa ya matumbo, ndui wala Gumboro. Kuku aliyechanjwa kideri akafa kwa mojawapo ya hayo hajasalitiwa na chanjo. Pia kuku aliyechanjwa anaweza kuambukizwa kirusi kikali, asiugue, lakini akakitoa kwa kinyesi siku kadhaa. Kwa hiyo jogoo mgeni anayeonekana mzima akae peke yake kwanza, wiki mbili au tatu.

Hakuna pia inayowaokoa ambao kirusi kimeshawaingia. Dalili huonekana siku 2 hadi 15 baada ya maambukizi, mara nyingi siku ya tano au ya sita. Chanjo inahitaji wiki moja au mbili. Ukichanja Jumatatu banda ambalo liliambukizwa Jumamosi, vifo vya Alhamisi vitaandikwa kwa jina la chanjo, na mwakani kitongoji kizima kitakataa kuchanja. Nadhani uvumi wa "chanjo inaua kuku" umejengwa zaidi na ratiba mbaya kuliko na chanjo mbaya.

Kwa hali yako

Kama una kuku wa kienyeji wanaotembea, iwe Makete, Ileje au Pawaga, anza na matone ya I-2. Miezi ya Januari, Mei na Septemba ni ratiba inayokaa vizuri na misimu yetu: ya Mei inawahi kiangazi, wakati kideri huwa kikali na kuku wengi wanauzwa. Vifaranga waliototolewa katikati usiwaache wasubiri hadi Septemba.

Kama una kuku chotara au kuku wa nyama mia mbili na zaidi ndani ya banda, friji iko karibu na maji unayajua yanatoka wapi, njia ya maji itakuokolea siku nzima. Ukiwa na shaka na kiu yao au na klorini, dondosha chanjo hiyo hiyo jichoni mwa vifaranga wangali wadogo, kazi ingali nyepesi, kisha uendelee na maji wakikua.

Kama ni kuku wa mayai wa kukaa mwaka na zaidi, fikiria mchanganyiko: chanjo hai utotoni, sindano kabla ya yai la kwanza. Ukiona gharama ya sindano haibebeki, chanjo hai kila miezi mitatu inafanya kazi, ila jiandae kwa wiki ya mayai machache.

Kama uko bondeni, Kyela au Mbarali, na duka la karibu friji yake huna imani nayo, swali la La Sota limejijibu lenyewe. Uliza I-2, na ukikosa, agiza kwa mtu anayetoka Mbeya mjini na chombo cha barafu.

Kama una aina zote mbili, wa kienyeji uani na wa mayai bandani, wachanje wiki moja. Wale wa uani ndio wanaokutana na kuku wa jirani, na viatu vyako ndivyo vinavyobeba kinyesi chao kuingia bandani. Weka viatu vya bandani peke yake.

Na kama vifo vimeshaanza, kuku wanaharisha kijani, wanahema kwa mdomo wazi, wengine wamepinda shingo, leo usinunue chanjo ya hao wanaoumwa. Usiwauze pia, maana hiyo ndiyo njia ya kukipandisha kirusi basi. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina ambacho mbwa hafukui, banda lioshwe kwa sabuni, na mtu mmoja tu aingie humo. Mwite ofisa mifugo wa kata kabla mzoga haujaoza. Akiona inafaa, sampuli inaweza kupelekwa maabara ya TVLA iliyopo Iringa. Jirani wa mbali, ambaye kuku wake bado ni wazima na hawajagusana na wako, ndiye wa kupigiwa simu jioni hiyo hiyo achanje.